Gambuti, mwavuli na koti la theluji: masika ndani ya Ngezi

Niseme mapema: kwa kutembea msitu wa Ngezi wakati wa masika, gambuti jeusi la mpira, lile lile wanalovaa waosha magari na wauza samaki, limevishinda viatu vyote vya mlimani nilivyowahi kuvaa au kuona mtu amevaa. Najua wapo watakaoguna. Pemba haina mlima, watasema, ina vilima tu, sasa habari za viatu vya mlimani zinatoka wapi? Waje mwezi wa Aprili. Kisiwa hiki hupata wastani wa karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika kati ya Machi na Mei. Kilima cha udongo wa mfinyanzi kikisharowa, urefu wake si hoja tena. Utakipanda kwa mikono.

Ngezi iko kaskazini-magharibi ya Pemba, ukishapita Konde, kwenye njia ya kwenda ufukwe wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Ni kipande kilichosalia cha msitu ambao zamani ulifunika sehemu kubwa ya kisiwa, kabla mikarafuu haijachukua nafasi yake. Daladala hukufikisha Konde. Kutoka pale unachukua bodaboda, na mvua inaanza kukupiga hapo hapo hata hujaanza kutembea.

Nilikwenda na shemeji yangu wa Dar, ambaye alikuja kamili. Koti la mitumba lenye kofia, la wale wateleza theluji wa Ulaya, lina zipu mpaka kwenye makwapa na lebo inayosema halipitishi maji. Viatu vya ngozi vya kupandia mlima, vya mitumba pia, vizuri kweli kweli. Mimi nilivaa gambuti, soksi ndefu za mpira wa miguu, suruali nyepesi ya mazoezi, jezi, na mkononi nikashika mwavuli. Akanicheka tangu mjini Chake Chake. Njia tuliyopita ilikuwa moja na mvua ilikuwa moja, kwa hiyo ninachosema hapa si cha kusimuliwa.

Nianze na koti, maana ndilo lililonishangaza. Kuzuia mvua lilizuia, tone halikupenya. Lakini baada ya nusu saa shemeji alilowa chapachapa kwa jasho lake mwenyewe. Makoti ya aina hii yana utando mwembamba ndani unaozuia maji ya mvua na kuruhusu mvuke wa mwili utoke, ila mvuke hautoki bure. Unasukumwa na tofauti iliyopo kati ya joto na unyevu wa ndani ya koti na hali ya hewa ya nje. Kwenye theluji hewa ya nje ni baridi na kavu, basi jasho linapata pa kwenda. Ndani ya Ngezi, wakati wa mvua, nje kuna joto na hewa imeshiba maji mpaka haiwezi kupokea zaidi. Koti linabaki juu ya mtu kama mfuniko wa sufuria. Zile zipu za makwapani zilisaidia kidogo, lakini hatimaye alilivua akalifunga kiunoni, akanyeshewa, na alikiri kuwa anajisikia vizuri zaidi.

Hapo ndipo wengi tunapopotea tukisoma ushauri wa wapanda milima wa nchi za baridi. Wao wanaonya kwamba nguo ya pamba ikilowa inaweza kukuua, na huko kwao ni kweli, kwa sababu pamba hushika maji na mwili unapoteza joto. Huku hutakufa kwa baridi. Pamba bado mbaya, ila kwa sababu nyingine: jinzi iliyolowa inakuwa nzito na inachubua mapaja mpaka ukirudi nyumbani unatembea kama umetahiriwa jana. Vaa jezi ya timu yoyote, hata iliyoshuka daraja. Inalowa, inakauka, na haikuchubui.

Mwavuli watu wanaudharau msituni, na mimi nauona ni nusu ya safari. Chini ya mivule na miti mingine mirefu upepo hauingii. Maji yanashuka wima. Tena hata mvua ikikatika, majani yanaendelea kudondosha maji kwa muda mrefu, na hayo ndiyo yanayoharibu simu. Ukiwa chini ya mwavuli unaweza kutoa simu ukapiga picha, ukafuta miwani, ukamimina chai. Tatizo ni penye njia nyembamba, ambapo unanasa kwenye matawi na kumwagia maji yule wa nyuma. Na ukifika Vumawimbi ufunge kabla hujatoka mitini. Upepo wa pale ulinigeuzia mwavuli ndani nje, chuma kimoja kikavunjika.

Sasa gambuti lenyewe. Viatu vya shemeji vilikuwa na soli nzuri kuliko yangu, hilo nampa. Lakini njia za Ngezi wakati huu zina madimbwi ambayo huwezi kuyakwepa bila kukanyaga miche pembeni, na mengine yanapita kifundo. Maji yaliingia kwa juu, na kiatu kisichopitisha maji, yakishaingia, hakiyatoi. Alitembea sehemu iliyobaki akisikika hatua kumi kabla hajafika. Mimi nilipita katikati ya madimbwi kama mtoto. Penye mizizi ndipo gambuti linapoonyesha udhaifu: kisigino kinacheza ndani, na mguu hauna kinachoushikilia kwa pembeni, basi unapunguza mwendo upende usipende. Joto lipo pia. Na anayetaka kutembea kutwa nzima bila kupumzika, shavu la mguu litamsuguka. Soksi ndefu si pambo.

Ukinunua, geuza ulitazame chini kabla ya kuuliza bei. Yapo yenye meno mafupi ya soli, yaliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu za machinjioni; hayo kwenye mfinyanzi yatakuangusha. Tafuta yenye meno marefu yaliyoachana, tope lipate kutoka. Ongeza namba moja juu ya unayovaa ili soksi nene ipate nafasi. Weupe au weusi ni shauri lako, ila meupe utayafua mpaka ujute. Bei yake, pale niliponunua, ilikuwa chini sana kuliko ile shemeji aliyolipa kwa viatu vyake vya mitumba.

Mtembezaji wetu, mtu mzima wa huko huko, naye alikuwa na gambuti, limebanduka rangi. Nikamuuliza, "Ami, kwa mvua hii tutaona kitu kweli?" Akanijibu bila kugeuka, "Mtaona mvua, baba. Ikikatika mtaona vilivyobaki." Na ndivyo ilivyokuwa. Mvua ikiwa nzito msitu unanyamaza kabisa, hata kima hujikunyata. Ilipokatika ndipo ndege walipoanza, na Pemba ina ndege ambao hawapatikani kwingine duniani: ninga wake, chozi wake, bundi wake mdogo. Ninga tulimwona, kijani juu ya kijani, na bila kidole cha Ami tusingemwona. Bundi ni wa usiku, tulimkosa. Popo wakubwa wa Pemba, ambao nao ni wa hapa tu, walikuwa wamejifunika mbawa zao huku wananing'inia. Jua lilipochungulia wakazifungua kuzianika. Hilo jambo, mtu wa kiangazi halioni. Kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, waliletwa huku kutoka Unguja miaka ya 1970 na ni wachache. Hatukuwaona, na Ami hakujifanya kuwa amewasikia. Nilimpenda kwa hilo. Nimewahi kutembezwa kwingine na mtu ambaye kila jani likitikisika anasema "ndiye yule!"

Alikuwa na sheria moja ambayo hakutaka mjadala nayo: upepo ukianza kuvuma juu, hatusimami chini ya mti mkubwa wenye matawi makavu, hata kama ndipo pa kujikinga na mvua. Tawi lililooza likinywa maji linakuwa zito na kukatika. Radi ikilia anageuza njia. Ukipata mtembezaji anayekwambia "hamna shida, twende tu" huku mbingu inanguruma, rudi getini.

Wanaouliza kuhusu Jozani, msitu wa kule Unguja, kwa hali hii hii ya hewa: inafaa, na kufika kutoka Mjini Unguja ni rahisi mno. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, kima punju utawaona karibu kwa uhakika, na njia zake zimezoea watu. Ila msitu wenyewe unasimama juu ya maji ya ardhini yaliyo karibu, kwa hiyo masika baadhi ya sehemu hufurika, na ile njia ya mbao kwenye mikoko huteleza kama imepakwa mafuta. Gambuti pale pia, na uende taratibu. Kwa utulivu nachagua Ngezi.

Vingine kwa ufupi. Simu na pesa tia kwenye kopo la chakula lenye kifuniko cha kubana. Mifuko laini ya plastiki imeshapigwa marufuku siku nyingi na hata ilipokuwepo ilikuwa inavuja. Dawa ya mbu paka kabla ya mvua na tena baada ya mvua. Chai ya tangawizi kwenye chupa na mkate wa kumimina vinatosha. Wali utauchukia ukiwa umelowa. Ingia mapema, saa mbili asubuhi ikiwezekana, maana chini ya miti giza linakuwahi, na bodaboda mwambie kabisa saa ya kukufuata. Dereva wetu tulimwambia "jioni", akaja jioni yake yeye.

Ukirudi, suuza magambuti ndani na nje, yageuze kichwa chini kivulini. Ukiyaanika juani mpira unapasuka. Yangu bado mazima. Mwavuli nimenunua mwingine.