Nilipanda London Eye na mama yangu wa Kisumu

Mara ya mwisho kupanda gurudumu nilikuwa darasa la sita, kwenye maonyesho ya kilimo pale Mamboleo. Lilikwama mimi nikiwa juu kabisa, miguu inaning'inia, na tangu siku hiyo hata mwembe sipandi. Kwa hiyo tulipomtembelea dada yangu London, akatukatia tiketi ya London Eye, lile gurudumu kubwa la kuzungusha watu kando ya mto Thames, nilianza kutafuta visingizio mapema.

Kwanza mjue kwamba kwa kawaida halisimami. Vyumba vya kioo vinapita polepole kando ya jukwaa, sentimita 26 kwa sekunde, nawe unaingia vikienda. Aliyezoea kudandia matatu Kondele ataona mchezo. Ila mama ana magoti mabovu, akagoma. Mhudumu alipouona mkongojo wake akatoa ishara, na gurudumu zima likasimama kumsubiri mwanamke mmoja wa Nyalenda. Hadithi hiyo imeshasimuliwa kanisani mara tatu.

Ndani hamna kuning'inia. Chumba kinachukua watu 25, karibu abiria wa matatu mbili, na katikati kuna benchi. Nililikalia benchi hilo karibu nusu ya safari nikijifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Mzunguko ni kama nusu saa, na kilele ni mita 135, juu kuliko jengo la KICC kule Nairobi. Karibu na kilele niliinuka, aibu ikinisukuma zaidi ya ujasiri, nikauona mnara wa saa wa Big Ben ng'ambo ya mto ukiwa chini ya macho yangu.

Mama hakuwa na habari na Big Ben. Alikuwa anautazama mto. "Mbona una rangi ya Nyando ikifurika?" Tena asubuhi tulipopita maji yalikuwa chini, matope nje, sasa yamejaa. Dada akamweleza kuwa ni bahari inayoyasukuma hadi katikati ya jiji, yakijaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kwa mtu aliyekulia Dunga, akilitazama ziwa lisilojua kupwa, ajabu ilikuwa hiyo.

Ukienda, kata tiketi mtandaoni na uchague siku isiyo na ukungu. Halafu angalia namba ya chumba chako: vyumba ni 32 lakini namba zinafika 33, kwa sababu 13 wameiruka, ati ina nuksi. Chetu kilikuwa 14. Mama akahesabu kwa vidole, akasema basi hicho ndicho cha 13 chenyewe, na tumeshuka salama.