Kupitisha muziki wa simu au MP3 kwenye redio ya gari: njia bora hadi ya mwisho

Kabla ya kutoa pesa, kaa ndani ya gari uikague redio. Tafuta tundu la duara lililoandikwa AUX, tundu la USB, alama ya Bluetooth au mdomo wa kaseti. Fungua pia kisanduku cha dashibodi na kile kilicho kati ya viti vya mbele, maana magari mengi tundu la AUX limefichwa humo. Inasikitisha mtu kununua transmita ya FM (kifaa kinachorusha muziki wa simu kwenda redioni kwa mawimbi) inayokwaruza ilhali tundu safi analo.

1. Waya wa AUX. Tunauweka wa kwanza kwa sababu haubagui: chochote chenye tundu la hedifoni la milimita 3.5 kitaimba. Simu isiyo na tundu hilo itahitaji adapta ndogo ya kubadilishia. Nunua waya wa mita moja. Mrefu zaidi utajikunja miguuni na kukatika shingoni mwa plagi. Tazama plagi yenyewe: iwe na mistari miwili meusi. Yenye mitatu imetengewa nafasi ya maikrofoni, na kwenye baadhi ya redio waya hasi haugusi panapotakiwa. Utaijua hitilafu hiyo mara moja: vyombo vinasikika kwa mbali, mwimbaji ametoweka. Plagi isiyoingia hadi mwisho nayo hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo isukume kwanza kabla ya kulaumu waya.

Pandisha sauti ya simu hadi kama asilimia 80, kisha rekebisha kwa kitufe cha redio. Ukiiacha simu chini, redio italazimika kukuza na mikwaruzo pia.

Kero kubwa ya AUX ni ule mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Unatoka kwenye alternata (mtambo unaozalisha umeme wa gari) na kupenya kupitia chaja, kwa kuwa simu sasa imeunganishwa na hasi ya gari kwa njia mbili, chaja na AUX. Chomoa chaja; mlio ukikoma, umeshajua chanzo. Chaji kwa pawabenki, au nunua kichujio cha mvumo kinachokaa katikati ya waya wa AUX. Vya bei ya chini sana hupunguza besi.

2. USB. Sauti hufika kidijitali na simu inachajiwa papo hapo. Pale redio inapoitambua simu yako, hii inaishinda AUX. Shida ni kwamba mara nyingi haiitambui. Matundu mengine ni ya kuchajia tu, na waya nyingine hazina nyuzi za data kabisa. Flashi ina uhakika zaidi: ifomati kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili), weka MP3. Redio nyingi za zamani hazisomi mifumo mingine kama exFAT wala NTFS.

3. Bluetooth. Hakikisha kitabu cha redio kinataja A2DP, yaani uwezo wa kupitisha muziki kwa Bluetooth. Bila hiyo, ni ya kupokelea simu tu. Redio ikiwa na AUX pekee, kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa humo hufanya kazi vizuri, ila ukikiwasha kwa umeme wa tundu la kiberiti, mlio ule wa alternata unaweza kurudi.

4. Adapta ya kaseti. Ni kaseti yenye waya unaochomekwa kwenye simu. Kwa gari lenye deki ya kaseti, ni bora kuliko FM. Deki ikigeuza upande au kuitema kila mara, jaribu adapta ya aina nyingine, kwani gia za ndani hutofautiana.

5. Transmita ya FM. Iwe ya mwisho. Inarusha mawimbi dhaifu kutoka ndani ya bodi ya chuma kwenda antena iliyo nje, ikishindana na vituo vyenye mitambo mikubwa. Chagua masafa matupu ambayo hata jirani zake wa kila upande ni kimya, na uyabadilishe unaposafiri. Jihadhari hasa na gari lililotengenezwa kwa soko la Japani: redio nyingi za zamani za huko hupokea MHz 76 hadi 90, wakati transmita nyingi huanzia 87.5. Unabakiwa na kipande kidogo tu cha kutumia.

Pasipo AUX, USB, Bluetooth wala kaseti, pesa ya transmita ni heri ichangie redio mpya. Pima nafasi kwanza kwa DIN, kipimo sanifu cha uso wa redio ya gari: DIN moja ni milimita 180 kwa 50, DIN mbili ni 180 kwa 100. Nunua pamoja na soketi ya kuunganishia inayolingana na gari, usikate nyaya za kiwandani. Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa kuwaka na swichi. Redio ikisahau vituo kila ukizima gari, huenda hizo mbili zimebadilishana.