Taarabu yetu mtandaoni: uzoefu wangu na hesabu ya malipo

Kwa mwenye haraka: kupandisha nyimbo nyota nne, hesabu ya malipo nyota mbili. Nasimamia akaunti ya kikundi chetu cha taarabu hapa Unguja, na fidla napiga mimi, kwa hiyo maslahi yangu yamo.

Kupandisha hakuna taabu. Unapitia kwa msambazaji (wetu simtaji jina), unampa faili, picha ya jalada, majina ya mtunzi na mwimbaji, na ada ya mwaka. Baada ya siku chache wimbo uko Spotify, Apple Music, Boomplay na kwengineko. Ndugu zetu wa Maskati waliusikia kabla ya watu wa Ng'ambo, mitaa ya hapa hapa mjini kwetu.

Taarifa ya malipo ndiyo inayotaka miwani. Ni jedwali refu: nchi, programu, umesikilizwa mara ngapi, dola ngapi, na sifuri nyingi baada ya nukta. Mstari wa Uingereza unaupita mbali wa Tanzania hata pale idadi zinapokaribiana. Watu huniuliza Spotify wanalipa senti ngapi kwa wimbo. Bei hiyo haipo. Ada za wateja na matangazo ya kila nchi huwekwa fungu moja, takriban theluthi mbili huenda kwa wenye haki, na kila mmoja hupata kwa kadiri ya sehemu yake katika usikilizaji wote. Pahala ada ni ndogo, fungu nalo dogo. Apple Music walisema mwaka 2021 kuwa wastani wao ni kama senti moja ya dola, lakini nao hubadilika kwa nchi na aina ya usajili.

Mtu wa taarabu ataelewa hivi: shabiki akiinuka na noti yake anamtunza mwimbaji aliyemkuna. Huku mtandaoni noti za kumbi zote zinamwagwa sinia moja, zikagawiwa kwa wingi wa nyimbo zilizopigwa. SoundCloud walianza mwaka 2021 kuwalipa wasanii wa kujitegemea kutokana na pesa ya msikilizaji wao wenyewe, na mimi naona hiyo ndiyo haki.

Kinachotuumiza zaidi ni urefu. Spotify huhesabu wimbo ukishafika sekunde 30, basi. Kwetu sekunde 30 ganuni, ala yetu ya nyuzi, ndiyo kwanza inafungua njia, mwimbaji hata hajashika maikrofoni. Anayesikiliza taarabu ya dakika 12 kwa saa nzima anatupa hesabu tano. Saa hiyohiyo kwa nyimbo za dakika mbili na nusu ni hesabu 24. Na tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 hawaulipi kitu.

Msambazaji alitushauri tuzikate nyimbo vipande. Nikampelekea ujumbe mzee wetu mtunzi. "Ukate wapi, mwanangu? Ubeti wa tatu ndio jawabu ya ule wa kwanza." Tulichoafikiana naye ni bashrafu, kile kipande cha ala tupu cha kufungulia, kuwekwa peke yake, maana hata jukwaani hupigwa peke yake.

Msambazaji huyo ana kero nyengine: hatoi pesa mpaka zifike kiwango chake, na hapeleki kwenye simu. Anataka akaunti ya benki, na benki nayo inakata chake.

Hata hivyo ada ya mwaka ujao tutalipa. Waliotusikia humo ndio wanaotualika harusini, na harusi moja inalipa kuliko majedwali yote hayo. Mtunzi wenu tu ajisajili COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki hapa Zanzibar, kabla hamjapandisha chochote: msambazaji huwaletea malipo ya rekodi, ya utunzi yana njia yake mbali.