Uzoefu wangu na huduma ya kupangiwa ratiba za safari Tanzania: Februari wamepatia, Novemba wamekosea

Huduma hii nimeitumia kwa ratiba tatu za siku kumi kumi, zote ndani ya Tanzania: ya Februari, ya Agosti na ya Novemba. Unajaza fomu yenye tarehe, idadi ya watu na mnachotaka kuona, kisha wanakutumia vituo vya kulala, usafiri na makadirio ya gharama. Kazi ni safi na wanajibu haraka. Tatizo ni kwamba wanaipangia nchi nzima kwa kalenda moja ya mvua, na sisi tunazo mbili.

Arusha, Kilimanjaro, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba, halafu masika kuanzia Machi hadi Mei. Dodoma, Iringa, Mbeya na Katavi zina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili hivi. Januari na Februari, Arusha ikiwa kavu, Hifadhi ya Ruaha, upande wa Iringa, iko katikati ya mvua, nyasi zimepanda na wanyama wametawanyika kwa sababu maji yako kila mahali.

Ratiba ya Februari nawapa pongezi za dhati. Walituweka Ndutu usiku tatu, mahali penyewe hasa, kwa kuwa nyumbu huzalia kwenye nyasi fupi za kusini mwa Serengeti kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi. Ila upande wa fedha waliteleza. Walikadiria viingilio vya Serengeti kwa siku zote tatu, ilhali kambi nyingi za Ndutu ziko ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye mamlaka yake na viingilio vyake. Siku mkivuka mpaka kufuata wanyama, mnalipa na upande wa pili. Kabla ya kulipia kambi yoyote ya Ndutu, uliza iko upande gani wa mpaka. Uliza pia kuhusu gari: mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye tairi mpaka mifereji yake inaziba, na hapo hata gari la kuvuta magurudumu yote manne linazunguka palepale. Dereva awe na koleo, kamba ya kuvutia, na njia ya kuita gari jingine.

Ya Agosti ilihitaji marekebisho machache. Tarangire waliiweka vizuri. Kiangazi hicho mto ndio tegemeo la maji, na tembo hukusanyika kandokando yake. Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kwa ajili ya nyumbu kuvuka Mto Mara, walitoa usiku mbili. Hazitoshi. Kundi linaweza kusimama ukingoni kutwa nzima, likasogea hadi majini, likageuka. Niliomba usiku nne, nikakata moja Karatu na moja ya mjini Arusha. Walikuwa pia wameandika Arusha hadi Kogatende kwa gari siku moja. Baada ya Naabi, lango la kuingilia Serengeti, barabara ni vumbi na matutamatuta, na kuna foleni ya vibali. Lala Seronera, katikati ya Serengeti, uendelee asubuhi. Hakuna popote walipotaja baridi ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Agosti, sweta moja haikutoshi asubuhi.

Mwisho wa ratiba hiyo walitupa Paje, Zanzibar. Agosti upepo wa kusi unavuma, na pwani ya mashariki ndiyo inayoupokea. Kwa wanaoteleza juu ya maji kwa tiara ni pazuri mno. Kwa familia yenye watoto wanaotaka kuogelea, bahari huko ikipwa maji yanakwenda mbali, unabaki na mwani na mchanga kwa saa kadhaa. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayarudi nyuma sana. Swali moja tu kwenye fomu lingemaliza jambo hili.

Ya Novemba niliipangua karibu yote. Waliandika kwamba kusini kusiguswe "kwa sababu ya vuli", wakatupeleka Tarangire kuona tembo. Ni kinyume kabisa! Mvua zikishaanza kaskazini, tembo wa Tarangire huanza kutoka mtoni na kusambaa. Ruaha, mwanzoni mwa Novemba, bado ni kavu na joto kali, na wanyama wamebanana kwenye maji machache yaliyobaki. Cha ajabu zaidi, Kitulo, hifadhi ya maua ya nyanda za juu kusini, waliiweka wiki hiyohiyo kwa ajili ya maua. Maua ya Kitulo yanahitaji mvua ya kusini iliyokwisha kukolea; nenda kati ya Desemba na Aprili.

Badala yake tulichukua treni ya mwendokasi hadi Morogoro, gari kupitia Mikumi hadi Iringa, usiku nne Ruaha, kisha Mafia. Ndani ya Mikumi barabara kuu ina ukomo wa kilomita 50 kwa saa na faini kwa anayegonga mnyama, basi usihesabu muda kwa mwendo wa kawaida. Mafia, Novemba ni tanga mbili: upepo wa kusi umekwisha, wa kaskazi haujashika, bahari ni tulivu, na papa potwe wameanza kuonekana karibu na Kilindoni. Toka asubuhi. Ndege ndogo za kwenda huko kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa mtu, kwenye begi laini lisilo na fremu, na ratiba haikulisema hilo, kwa hiyo masanduku magumu yaacheni Dar.