Flight of the Conchords: albamu ya 2008 au ya 2009?

Flight of the Conchords ni Bret McKenzie na Jemaine Clement wa New Zealand. Wawili hawa, walioigiza wanamuziki wachovu jijini New York kwenye tamthilia ya vichekesho yenye jina hilo hilo ya televisheni ya HBO ya Marekani (2007–2009), walitoa albamu mbili za nyimbo zake kupitia lebo ya Sub Pop.

Ya kwanza, Flight of the Conchords (2008), imejaa nyimbo walizokwisha kuziimba jukwaani kabla ya kipindi kuanza. Na inasikika: utani unatua pale pale. "Foux du Fafa" ni Kifaransa cha mwanafunzi anayeanza, vyakula, salamu na maneno mepesi, kikiimbwa kwa mahaba mazito. Huhitaji picha ili ucheke.

Ya pili, I Told You I Was Freaky (2009), ina nyimbo za msimu wa pili wa kipindi, zilizotungwa kufuata hadithi, kwa hiyo baadhi zinapwaya ukiziondoa kwenye kipindi. Lakini "Carol Brown" jamani! Jemaine anaorodhesha wapenzi waliomwacha, mara wanageuka kwaya ya kumsuta, naye anang'aka akiuliza nani kawakusanya. Mpasho kamili.

Mwenye pesa ya albamu moja achukue ya 2008, kisha "Carol Brown" autafute peke yake.