Uzoefu wangu: kozi ya boti ya siku mbili Southampton, na kwa nini asiisome nahodha peke yake

Kozi yenyewe inaitwa Powerboat Level 2. Mtaala ni wa RYA, chama cha wenye boti za starehe cha Uingereza kilichoanzishwa 1875, lakini wanaofundisha ni skuli zilizopewa idhini na chama hicho, na pwani ya huku Southampton zipo nyingi. Ni siku mbili, mwalimu mmoja kwa wanafunzi wasiozidi watatu katika boti, na hata mtoto wa miaka 12 anaruhusiwa kusoma. Hakuna mtihani wa kuandika. Mwalimu anakutazama unavyofanya kazi, na mwisho anaamua kama cheti unakistahiki. Nililipa kama pauni 300. Kwa upande wa usalama, pesa hizo ningezilipa hata mara mbili. Upande wa kuendesha ni mzuri, ila mtu mwenye jamaa mzoefu angeweza kuupata bila ya kulipa.

Nilikwenda kwa sababu ya watoto. Hapa Uingereza sheria haimdai leseni mtu mwenye boti yake ya matembezi baharini: unanunua leo, kesho unatoka. Baba watoto na rafiki zake walichangiana wakanunua boti ya mtumba, ile ya sakafu ngumu na maboya ya mpira pembeni, ili wakati wa joto tuwe tunavuka kwenda kisiwa cha Isle of Wight. Nikasema watoto wangu hawapandi mpaka watu wazima wawili wajue la kufanya mambo yakiharibika. Yeye akatangulia kusoma, nami nikafuata.

Wapo waliostaajabu mtu wa Mkokotoni kwenda kufundishwa bahari na Waingereza. Baba yangu alivua baina ya Mkokotoni na Tumbatu umri wake wote, na elimu yake siidharau hata kidogo. Nitaitaja tena hapa chini. Lakini elimu ile ilikuwa yake na mabaharia wake. Sisi wanawake na watoto tulipovuka naye tulikuwa abiria, na abiria huambiwa akae katikati na asisimame, basi. Hakuna aliyepata kutuonyesha tushike nini iwapo nahodha mwenyewe ndiye atakayeanguka. Kozi hii ilinijibu swali hilo.

Asubuhi ya kwanza tulikaa na majaketi ya kuokolea kwa muda mrefu kabla ya kuigusa injini, na nilifurahi. Tulipewa yale membamba yanayojijaza hewa yenyewe yakiingia majini, ya nguvu ya nyutoni 150, ambayo kwa kawaida humgeuza mtu uso ukatazama juu hata akiwa amezimia. Ndani mna kichupa cha gesi cha gramu 33. Mwalimu alitufanya tukifungue kila mmoja, tukitazame kama kimeshatobolewa, tukipime uzito, tukikaze tena kwa mkono. Kichupa kinaweza kulegea taratibu kwa mtikisiko wa boti, na jaketi lenye kichupa kilicholegea huenda lisijae siku unayolihitaji. Kisha mkanda wa mapajani, ule ambao wengi huuacha ukining'inia kwa kuona haya au uvivu. Usipoufunga, jaketi likijaa linapanda hadi masikioni na wewe unabaki chini yake.

Dada zangu mnaovaa hijabu mtaniuliza, basi niseme. Mwalimu wangu, naye mwanamke, hakuniuliza lolote la kunitia unyonge. Alisema ncha zote, za mtandio kama za kamba za makoti ya wenzangu, ziingizwe ndani ya koti la mvua, kwa kuwa karibu na usukani hakutakiwi kitu kinachoning'inia. Nilifunga mtandio mfupi wa kunyooka na siku mbili zote haukunisumbua.

Halafu ikaja kamba ya kuzimia injini. Ni kamba nyekundu ya msokoto, upande mmoja unashika swichi ya injini, wa pili anajifunga dereva pajani. Dereva akitoka kwenye usukani kwa sababu yoyote, injini inazima papo hapo. Mwalimu alitueleza ajali ya Padstow, kule Cornwall, ya Mei 2013. Familia ya watu sita ilirushwa yote majini kwa mara moja, na kamba ile haikuwa imefungwa kwa mtu. Boti ikabaki inazunguka na injini yake inanguruma, ikawarudia pale walipokuwa wanaelea. Baba na binti yake mdogo wakafariki, wengine wakaumia vibaya. Tangu kuisikia habari hiyo siwezi kumwona mtu ameitundika kamba ile kwenye kitasa nikanyamaza.

Na hapa ndipo kozi ilipogusa lile nililolifuata. Tuseme dereva ameanguka na kamba imefanya kazi yake, injini imezima. Waliobaki ndani wataiwashaje wamfuate, na kamba ameondoka nayo? Lazima boti iwe na kamba ya pili, na kila aliyemo ajue ilipo na inavyochomekwa. Niliporudi nyumbani nilikwenda kuitafuta yetu ya pili. Haikuwepo, na katika wenye boti wote wanne hakuna aliyekuwa amewahi kuiulizia.

Zoezi la mtu kuanguka majini lilichukua sehemu kubwa ya mchana wa kwanza. Walitumia boya zito lililofungiwa ndoo ili lisipeperuke. Anayeona anapiga ukelele na kunyoosha kidole kumwelekea aliyeanguka, na kidole hicho hakishuki mpaka mtu apatikane, kwa sababu kichwa cha binadamu baina ya mawimbi kinapotea ukigeuza shingo tu. Dereva anageuza nyuma ya boti iwe mbali na mtu, maana rafadha iko huko. Anazunguka, anakuja pole akiukabili upepo, mtu akiwa upande wa usukani ili amwone mpaka dakika ya mwisho. Akishashikwa, injini inazimwa kabisa. Kuiacha kwenye gia huru hakutoshi, kwani kiwiko kinaweza kugonga mkono wa gia. Ndipo anavutwa. Kumpandisha mtu aliyelowa na aliyechoka ni kazi nzito kuliko yote yaliyotangulia, na tulijaribu kila njia: kwa ngazi, kwa kitanzi cha kamba cha kukanyagia, kwa watu wawili kumshika mabegani na kumvuta mgongo ukielekea boti.

Wenzangu wawili walikuwa wanaume wenye nguvu na wepesi wa kuongeza mwendo. Mwalimu aliwarudisha mara kwa mara kwenye zoezi hili mpaka wakatulia. Namsifu sana kwa subira hiyo.

Jambo ambalo bahari ya kwetu haikunifundisha ni baridi. Maji ya Unguja mtu anaogelea mchana kutwa. Maji ya hapa mwezi wa Mei bado hayajafika nyuzi 15, na mtu akidondoka humo pumzi inamruka, anahema ovyo bila ya kujizuia kwa dakika moja au mbili, na wengi huzama katika dakika hizo wakati kuogelea wanakujua. RNLI, waokoaji wa baharini wa hapa tangu 1824, wanafundisha usipigane na maji: lala chali, uelee mpaka pumzi irudi, halafu ndipo uite au uogelee. Nimewafundisha watoto wangu bwawani, na kila wiki nawataka wanionyeshe.

Siku ya pili ilikuwa ya maji na njia. Hapa ndipo nilipomkumbuka mzee wangu. Mwalimu alipotufundisha kujua kama nanga imeshika kwa kulandanisha vitu viwili vya nchi kavu, kimoja mbele ya kingine, nilicheka kwa furaha. Mzee alikuwa akifanya hivyo kwa mnazi na mnara wa msikiti. Nanga yenyewe ina hesabu yake. Toa mnyororo usiopungua mara nne ya kina, na kama ni mchanganyiko wa mnyororo na kamba basi mara sita, na kina hicho kiwe kile kitakachokuwepo maji yakijaa, siyo kilichopo unapotia nanga. Na kabla ya kuitupa, hakikisha ncha ya mwisho imefungwa botini.

Kuhusu maji kujaa na kupwa wanafundisha kanuni ya sehemu kumi na mbili. Kimo chote cha maji yanayopwa unakigawa sehemu kumi na mbili. Katika saa sita, saa ya kwanza maji yanashuka sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Bamvua, yaani maji makuu ya kujaa na kupwa, la mita 4, kama tunalolijua kwetu, katika saa ya tatu peke yake linashusha mita nzima. Kwa Unguja kanuni hii inakwenda vizuri. Kwa Southampton inakataa, na mwalimu alisema wazi: hapa maji hujaa mara mbili. Yanapanda, yanasimama, yanalegea kidogo, yanapanda tena, kisha yanapwa kwa kasi kwa muda mfupi kuliko uliochukua kujaa. Anayetegemea kanuni bila ya kutazama jedwali la bandari atakuja kukaa juu ya fungu la Bramble, ambalo liko katikati kabisa ya njia na maji yakipwa sana linatoka nje.

Jirani na fungu hilo ndiko zinakogeukia meli kubwa za makontena na za watalii. Sheria ya bandari ni kwamba meli inayozidi mita 150 ikiwa katika eneo lile, boti ndogo isiingie ndani ya mita 1,000 mbele yake wala mita 100 ubavuni mwake. Tuliiona moja inakuja. Kwa macho ilikuwa kama imesimama, na kabla hatujamaliza kuizungumza imeshatufikia. Tulijifunza pia upepo wa kusini-magharibi ukikutana na maji yanayopwa kuelekea magharibi: mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama wima. Aliyevuka Nungwi kwenda Pemba siku mkondo unapogombana na upepo ataelewa bila ya kuelezwa.

Sasa kasoro. Ramani na jedwali la maji vilipewa muda mdogo mno, saa moja na kitu baada ya chakula, na kitabu kimejaa istilahi za Kiingereza ambazo hata mwenzangu mmoja Mwingereza zilimshinda. Ningependa zile saa za kukata kona kwa mwendo mkali zipunguzwe zihamie huku. Boti ya skuli ilikuwa mpya yenye kila chombo, wakati wengi wetu tunarudi kwenye boti ya zamani yenye dira na bahati. Na redio tulionyeshwa tu. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ina kozi yake na cheti chake, kwa pesa nyingine. Hilo si kosa la skuli, ni utaratibu wa nchi, lakini lisemwe mapema kwa mtu anayelipa.

Hata hivyo, kile kidogo cha redio nilikipeleka nyumbani siku ileile. Kitufe chekundu kilicho chini ya kifuniko unakibonyeza na kukishikilia mpaka redio itoe ishara, na redio iliyoandikishwa na kuunganishwa na GPS inapeleka wewe ni nani na uko wapi. Halafu chaneli ya 16, ya kuitia msaada: Mayday, neno la kuomba kuokolewa, mara tatu, jina la boti mara tatu, ulipo, kilichotokea, msaada unaoutaka, idadi ya watu. Nimeyaandika kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha plastiki, nikakibandika kando ya redio. Binti yangu mkubwa anayasoma bila ya kusita, na mdogo anajua kitufe kilipo.

Kwa hiyo katika nyota tano, kozi hii nitaipa nyota nne. Inamfaa sana anayeanza, na inamfaa zaidi yule asiyekusudia kushika usukani kabisa: mke, shemeji, kijana wa miaka 14 anayekaa mbele na kufunga kamba. Mkiwa na pesa za mtu mmoja tu, na katika nyumba yenu yupo ambaye tayari anaendesha vizuri, mpelekeni yule mwingine.

Kwa walioko nyumbani, Dar, Unguja au Mombasa, ambao mnapanda boti za matembezi kwenda Mbudya, Mnemba au Wasini: hamhitaji cheti cha Uingereza ili kumuuliza nahodha jaketi la mtoto wangu liko wapi, na wewe ukianguka nani mwengine anajua kuiwasha injini. Ulizeni mkiwa bado ufukweni.

Na kabla ya kulipa skuli yoyote, iulizeni mambo matatu: wanafunzi wangapi katika boti yangu, zoezi la mtu majini litachukua muda gani, na naweza kufundishwa siku ya pili kwa boti yangu mwenyewe. Ipo skuli iliyonijibu hili la mwisho kwamba inawezekana, nami nilikuwa nimeshalipa kwengine.