Debian kwenye mashine za zamani: 12 bado inanibeba, 13 imefunga mlango wa biti 32

Nina kijiduka cha kuchapa na fotokopi Katuba, hapa Lubumbashi. Wanafunzi wanakuja na TFC zao (kazi za kumalizia masomo) kwenye flashi, wazazi wanakuja na barua za kuombea watoto nafasi shuleni, na mashine zangu zote zinaendeshwa na Debian, mfumo endeshi wa bure wa Linux. Iliyozeeka kupita zote ni kilaptopu chenye prosesa ya Atom N270 na RAM ya giga 1. Prosesa hiyo ilitoka 2008 na inajua biti 32 tu. Nimeiwekea Debian 12 na Xfce, deski nyepesi. LibreOffice inachelewa kufunguka, ila ikishafunguka, TFC inachapwa kutoka jalada hadi ukurasa wa mwisho bila mashine kugoma.

Mafundi wenzangu wanashikilia kwamba Rust, lugha ya kuandikia programu, ndiyo inayoua mashine kama hii. Nawapinga. Ikoni za SVG kwenye deski yangu zinachorwa na maktaba ya librsvg, ambayo imeandikwa upya kwa Rust. Firefox ina Rust ndani yake tangu 2016. Zote zinafanya kazi kwenye Atom ileile, kwa sababu kompaila ya Rust (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya prosesa) inategemea chombo kiitwacho LLVM, na LLVM inaifahamu vizuri x86 ya biti 32, yaani jamii ya prosesa kama Atom yangu. Tena kazi nzito ya kukompaili imeshafanywa kwenye seva za Debian. Mimi napokea kifurushi kilicho tayari. Ningeambiwa nikompaili Rust hapa dukani kwa RAM ya giga 1, na umeme huu wa kukatika saa yoyote, ningefunga duka.

Wenye haki ya kulalamika ni wengine: wanaotunza Debian ya alpha, hppa, m68k na sh4, aina za prosesa zilizo adimu. Mwaka 2021 maktaba ya Python iitwayo cryptography ilipoingiza Rust, wenye prosesa za namna hiyo waliachwa njiani. Oktoba 2025 ikaja zamu ya APT yenyewe, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi: ilitangazwa kwamba itadai Rust, si kabla ya Mei 2026, na prosesa zisizo na kompaila yake zipewe miezi 6 kujipanga. Sababu yao naikubali kabisa. APT inafungua mafaili yaliyotoka kwenye intaneti na kukagua sahihi zake za kidijitali, na kosa la kumbukumbu (aina ya kosa ambalo Rust inalizuia) mahali hapo ni hatari kwa kila mtumiaji. Lakini miezi 6 kwa watu wanaojitolea baada ya kazi zao za mchana ni michache mno. Mwaka mzima ungekuwa uungwana.

Kilichonifungia mlango mimi ni kitu kingine. Debian 13 ilipotoka tarehe 9 Agosti 2025, haikuja na kerneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha i386, yaani toleo la biti 32. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, nao wakaacha Linux ya biti 32 baada ya Firefox 144. Kwa hiyo kilaptopu changu kinabaki na Debian 12, ambayo itaendelea kutunzwa hadi Juni 2028. Kwa kitu nisicholipia hata faranga moja, nashukuru sana.

Mashine yangu nyingine, ya Core 2 Duo, imepokea Debian 13 vizuri. Humo apt inakagua sahihi kwa sqv, programu ya Rust, na sijaona uzito wowote.

Ukienda kununua mashine ya mtumba, usitosheke na muuzaji anayekwambia "Papa, hii iko muzuri sana". Beba flashi yenye Debian 13 ya amd64 (toleo la biti 64), uombe kuiwasha hapohapo. Prosesa ikiwa ya biti 32, kerneli itasimama mwanzoni kabisa na kuandika kwamba inahitaji x86-64 (biti 64) lakini imekuta i686 (biti 32). Hapo rudisha pesa mfukoni.

Na kama tayari una Debian 12, kabla hujabadilisha bookworm (jina la Debian 12) kuwa trixie (jina la 13) kwenye faili la sources.list na kumaliza mega zako, andika dpkg --print-architecture. Ikijibu i386, usiendelee. Kama prosesa yenyewe ni ya biti 64, hifadhi mafaili yako kwanza, kisha sakinisha amd64 upya.